Krimpi ya risasi za bastola: kwa nini kubana sana kunaweza kukilegeza kichwa

Mtu anayejifunza kujaza upya maganda ya risasi za bastola hufika mahali ambapo ushauri wa waliomtangulia unamvuruga. Ganda amelisafisha, fataki mpya ameiweka, baruti ameipima, kichwa, kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, kimekaa mahali pake. Imebaki hatua moja ndogo, iitwayo krimpi, ya kuubana mdomo wa ganda juu ya kichwa. Hapo mmoja anamwambia abane kwa nguvu, kichwa kisije kikachomoka au kikazama. Mwingine anamwambia hatua hiyo ni ya hiari, wala asijisumbue nayo. Wa tatu anamshauri anunue kalibu maalumu, yaani kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine na kulipa ganda umbo, itakayomaliza kazi yote. Na wote watatu wamejaza risasi kwa miaka bila kuumia, kwa hiyo mgeni hajui amwamini nani.

Kila mmoja ana ukweli wake, ila ukweli huo unahusu risasi ya aina fulani tu. Ushauri unaofaa kwa bastola ya silinda, ile yenye mtungi unaozunguka na matundu ya risasi, unaweza kuleta hatari kwenye bastola ya magazini, ile inayojipakia risasi kutoka kwenye kikasha cha mpinini. Na lipo jambo ambalo wanaoanza wengi hawaambiwi mapema: kwenye risasi za bastola za magazini, kazi kubwa ya kukishika kichwa hufanywa na ganda lenyewe. Krimpi huja mwishoni kuweka mambo sawa, na ikizidi inauharibu mshiko ule ule ambao mtu alidhani anauimarisha.

Mazungumzo haya ni ya Marekani zaidi kuliko mahali pengine. Huko kujaza maganda nyumbani ni shughuli ya kawaida ya wawindaji na walenga shabaha. Sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe, bali humdai anayetengeneza za kuuza, na majimbo yana masharti yao juu ya hapo. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, risasi ziliadimika madukani na bei zikapanda, na watu ambao hawakuwahi kuigusa mashine ya kujazia wakaanza kujifunza. Msomaji wa Kiswahili anayeishi huko na kwenda kulenga shabaha hukutana na suala hili bila kulitafuta.

Afrika Mashariki hali ni nyingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kote kuwili kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Risasi hutoka viwandani, kama kile cha Shirika la Mzinga kule Morogoro au kile cha serikali ya Kenya kule Eldoret. Kwa hiyo nisieleweke kwamba namwita mtu wa Mwanza au Kisumu akafungue karakana uani. Lakini anayebeba bastola kwa kibali, hata kama hatajaza ganda lolote maishani mwake, ana sababu yake ya kuelewa jambo hili, na nitalifikia. Vipimo vya baruti navyo havimo humu. Hivyo hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti husika, havichukuliwi kwenye makala wala mdomoni mwa rafiki.

Vitu vinne vinavyofanya risasi moja

Risasi nzima, ile unayoitia kwenye magazini, ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, kikopo chembamba cha shaba ya njano. Kitakoni mwa ganda mna fataki, kidude kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Ndani mna baruti. Na juu, mdomoni mwa ganda, kimekaa kichwa, ndicho kinachotoka kwenye mtutu na kwenda kwenye shabaha. Kichwa huwa cha madini ya risasi matupu, au cha madini hayo yaliyovikwa koti la shaba nyekundu, nene au jembamba.

Ukifyatua, fataki huwaka, baruti hugeuka gesi, kichwa huondoka. Ganda hubaki. Kwa kuwa ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa na halijaharibika, watu huliokota na kulijaza tena.

Lakini ganda hilo haliko tena kama lilivyokuwa. Gesi imelivimbisha likajaa chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwenye mashine ni kulipitisha kwenye kalibu inayolirudisha kwenye kipimo chake. Kalibu hiyo hulibana hadi tundu lake linakuwa dogo kidogo kuliko kichwa kitakachoingia, na udogo huo umekusudiwa.

Sasa kukawa na taabu nyingine. Kichwa cha 9mm kina kipenyo cha milimita 9.02, yaani inchi 0.355. Ukikilazimisha kuingia kwenye tundu dogo kuliko chenyewe, ukingo mkali wa shaba utakikwangua, utakiingiza kimepinda, au ganda lenyewe litajikunja. Kwa hiyo kalibu ya pili huupanua mdomo wa ganda kidogo sana, kiasi cha kichwa kuweza kusimama juu yake kabla hakijasukumwa ndani. Mpanuko huo ukibaki baada ya kichwa kukaa, risasi haitaingia kwenye chemba, au itaingia kwa kulazimishwa.

Hapo ndipo krimpi inapozaliwa. Kwenye risasi za bastola za magazini, kazi yake ya kwanza ni kuufuta mpanuko na kuurudisha mdomo wa ganda ukae sambamba na kichwa. Wengi wangepunguziwa mashaka kama wangeambiwa hivyo siku ya kwanza.

Nani anayekishika kichwa

Fikiria mpini wa jembe. Mpini uliochongwa vizuri unashika kwa sababu umekaza ndani ya tundu la jembe kwa urefu wake wote uliomo humo. Kabari inasaidia, lakini haiwezi kuuokoa mpini mwembamba, na ukiigongomea kwa hasira unaupasua mpini uliokuwa mzima.

Ganda nalo linakishika kichwa kwa namna hiyo. Ile kalibu ya kwanza ililifanya tundu kuwa dogo kuliko kichwa. Kichwa kilipoingia kililitanua, na shaba ya njano, kwa asili yake ya kutaka kurudi ilikotoka, inakikumbatia kuanzia mdomoni hadi kwenye kitako cha kichwa. Milimita kadhaa za kukumbatiana. Krimpi hugusa ukanda mwembamba tu pale mdomoni.

Na hapa ndipo penye siri ya kubana sana. Shaba ya njano ukiikandamiza kisha ukaiachia, hurudi nyuma kiasi. Madini ya risasi hayarudi hivyo. Ukiyabonyeza yanabaki pale ulipoyaacha. Sasa tazama kinachotokea ndani ya kalibu ya krimpi iliyoshushwa kupita kiasi. Mdomo wa ganda unasukumwa ndani, na kichwa kilichomo kinabonyea pamoja nao. Mkono wa mashine ukiinuka, ganda linajiachia na kurudi nje kidogo, kichwa kinabaki kimepungua. Kati yao panatokea uwazi usioonekana kwa macho, na mshiko umelegea. Mtu anaona kichwa kinazunguka kwa vidole, anasema krimpi haitoshi, anaishusha kalibu zaidi, na kichwa kinalegea zaidi.

Kichwa kikiwa kimelegea kwenye risasi ya magazini, dawa yake huwa nyuma ya krimpi. Pengine kalibu ya kwanza haikulirudisha ganda vya kutosha, pengine mdomo ulipanuliwa kupita kiasi na mpanuko ukashuka ndani, pengine ganda lenyewe limechoka au ni la kiwanda chenye kuta nyembamba. Huko ndiko kwa kutazama.

Kiasi gani kinatosha? Hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Chukua kichwa cha milimita 9.02. Tuseme kuta za ganda lako pale mdomoni zina unene wa milimita 0.28 kila upande. Jumlisha 9.02 na 0.28 na 0.28, unapata 9.58. Hicho ndicho kipenyo cha mdomo uliokaa sawa, usio na mpanuko na usiokikata kichwa. Kwa inchi, ambazo ndizo vitabu vya Marekani hutumia, ni 0.355 na 0.011 mara mbili, jumla 0.377. Taasisi ya SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ndiyo inayoweka viwango vya watengenezaji wa silaha na risasi Marekani, imeweka kikomo cha juu cha mdomo wa 9mm kuwa inchi 0.380, yaani milimita 9.65. Ukipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo na urefu, ukapata 9.70, mpanuko bado upo. Ukipata 9.45, mdomo umekwishaingia mwilini mwa kichwa. Unene wa kuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo pima maganda yako mwenyewe kabla ya kuiamini hesabu ya mwingine.

Mdomo wa ganda una kazi nyingine

Risasi ya 9mm, iliyosanifiwa na Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ile ya .45 ACP ya Mmarekani John Browning, zote hazina ukingo uliojitokeza kitakoni. Kitako kimelingana na mwili. Kwa kuwa hakuna ukingo wa kuizuia, risasi hiyo hukaa kwenye chemba kwa kugota mdomo wake kwenye ngazi ndogo iliyochongwa mbele ya chemba. Ngazi hiyo ni nyembamba mno.

Ukiukunja mdomo kuelekea ndani, umeiondoa ile kingo iliyopaswa kugota. Ganda linapitiliza mbele, na pini ya kufyatulia inalifikia kwa shida; fataki inagongwa kinyonge, haiwaki, au inawaka huku ganda limeshikiliwa na ile kucha ya kutolea maganda tu, kazi ambayo kucha haikutengenezewa. Kwa hiyo risasi za jamii hii, yaani 9mm, .380, .40 na .45 ACP, hupewa krimpi ya kubana. Kuta za kalibu huteremka taratibu na mdomo unanyooshwa bila kukunjwa.

Kuna wanaosikia haya kisha wanaruka kwenye upande wa pili na kusema basi tusibane kabisa. Huko nako ni kupotea. Bastola ya magazini huipakia risasi kwa kishindo. Slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, inarudi mbele kwa nguvu ya springi, inaisukuma risasi kutoka kwenye magazini, na pua ya kichwa inagonga mteremko wa kuingilia kwenye chemba. Mshiko ukiwa dhaifu, kichwa kinazama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na baruti isiyotoa moshi huungua haraka zaidi kadiri inavyobanwa, kwa hiyo shinikizo linapanda. Kikomo cha SAAMI kwa 9mm ya kawaida ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, na ganda lake ni dogo, hivyo kichwa kuzama kidogo tu si jambo la kupuuza. Bastola zimepasuka kwa sababu ya namna hii, na mikono ya watu ikaumia.

Vichwa vilivyopakwa shaba nyembamba vinahitaji uangalifu wa peke yake. Shaba yake ni ngozi tu juu ya madini laini ya risasi. Mdomo wa ganda uliobanwa sana huikata ngozi hiyo kama pete, na kichwa kikipita kwenye mtutu ngozi inabanduka. Shabaha hutawanyika, na wakati mwingine kichwa hufika kwenye karatasi kikiwa kimelala ubavu na kuacha tundu refu badala ya la mviringo. Mlenga shabaha huanza kuilaumu bastola, au macho yake.

Bastola ya silinda ina hesabu yake

Yule mzee aliyeshauri kubana kwa nguvu, mara nyingi ni mtu wa bastola ya silinda. Risasi za .38 Special, iliyotolewa na Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 Magnum ya miaka ya 1950, zote zina ukingo kitakoni unaozizuia zisizame kwenye silinda. Mdomo wa ganda haugoti popote, kwa hiyo unaweza kukunjwa ndani bila kuharibu ukaaji wake. Vichwa vingi vya risasi hizi huwa na mfuo uliochongwa kuzunguka kiuno, na mdomo hukunjiwa humo. Hii ndiyo krimpi ya kukunja.

Na hapa inahitajika kwelikweli. Bastola inapopiga teke inaruka nyuma, na risasi zilizobaki kwenye silinda zinavutwa nayo kwa ukingo wa maganda. Vichwa, kwa uzito wao, vinataka kubaki vilipokuwa. Ukifyatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kichwa cha risasi iliyobaki kinachomoka kidogo kidogo hadi pua yake inatokeza mbele ya silinda na kugonga fremu. Silinda inakwama, bastola haifyatui wala haifunguki kirahisi. Kadiri bastola ilivyo nyepesi na risasi ilivyo na nguvu, ndivyo teke linavyokuwa kali na ndivyo jambo hili linavyokuja upesi. Kwenye magnum zinazotumia baruti ya kuungua polepole, krimpi imara inasaidia pia kukizuia kichwa kwa muda mfupi mno hadi baruti ishike moto sawasawa.

Kipimo chake ni cha uwanjani. Pima urefu wa risasi moja kwa kalipa, iweke kwenye silinda, fyatua nyingine zote na hiyo uiache, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, mshiko au krimpi havitoshi.

Hata hivyo silinda haimaanishi kubana bila kikomo. Mdomo ukikunjwa kupita mfuo, ganda halina pa kwenda, linavimba chini ya mdomo, na uvimbe huo utakuzuia kuiingiza risasi kwenye silinda. Shaba inayokunjwa na kupanuliwa mara kwa mara huwa ngumu na mdomo ukapasuka mapema. Na maganda yasiyolingana urefu hayapati krimpi moja, kwa sababu kalibu imesimama mahali pamoja: ganda refu litakunjwa sana, fupi litaguswa tu. Ndiyo maana wajazaji wa .357 na .44 hupima urefu wa maganda na kuyakata yalingane kabla ya kuanza.

Hatua moja au mbili?

Kalibu nyingi zinazouzwa hukalisha kichwa na kubana mdomo kwa pigo moja la mkono. Inawezekana, na wazoefu hufanya. Kwa mgeni naona ni kujitafutia taabu. Kichwa kinakuwa bado kinashuka wakati mdomo umeanza kukibana, kwa hiyo mdomo unakwangua madini ya risasi au ganda linavimba, na mtu hajui arekebishe lipi. Kalisha vichwa vyote kwanza, kisha rudi na kalibu ya krimpi ukiwa na jambo moja tu la kutazama.

Ile kalibu maalumu inayosifiwa sana, Factory Crimp Die ya Lee, ina pete ngumu ya kabidi ambayo kwa risasi za bastola huipitia risasi nzima na kuirudisha kwenye kipimo inapotoka. Inahakikisha risasi itaingia kwenye chemba, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini ukiwa na vichwa vya madini matupu ya risasi, ambavyo mara nyingi hutengenezwa vinene kidogo kuliko vyenye koti, pete hiyo inaweza kukibana kichwa ndani ya ganda. Ganda linarudi, kichwa hakirudi. Tumekwisha kuona mwisho wake.

Anza na risasi bubu

Kama ningekuwa na sauti kwa kila anayeanza, ningemwomba asiiguse baruti siku anapojifunza krimpi. Atengeneze risasi bubu chache, zenye ganda na kichwa tu, bila fataki wala baruti. Kwa hizo anaweza kuipandisha na kuishusha kalibu apendavyo bila hofu.

Aiweke kalibu juu, aishushe robo ya mzunguko kila mara, na kila mara apime mdomo kwa kalipa. Akifika kwenye ile hesabu yake, asimame. Kisha aichukue risasi bubu moja na kukichomoa kichwa kwa nyundo ya kuchomolea, ile ya plastiki yenye tundu, ambayo hugongwa chini na kichwa kikatoka kwa uzito wake. Akiinue kichwa hicho kwenye mwanga. Kwenye 9mm, alama hafifu pale mdomo ulipogusa, ambayo ukucha ukipita juu yake haukwami, ni dalili njema. Ukiuona mfereji unaokamata ukucha, au kwenye kichwa kilichopakwa ukauona weupe wa madini chini ya shaba, krimpi imezidi. Picha hiyo moja inafundisha kuliko maelezo mengi, kwa kuwa inaonyesha yanayofanyika mahali jicho halifiki.

Bubu nyingine iende kwenye jaribio la mtutu. Bastola ikiwa tupu, imehakikiwa na kufunguliwa, toa mtutu, ushike chemba ikitazama juu, idondoshe risasi bubu humo. Inapaswa kuingia kwa uzito wake na kutoa mlio mfupi wa chuma inapogota. Ugeuze mtutu, idondoke yenyewe. Ikikwama, ipake wino wa kalamu nene, iingize tena, izungushe, uitoe utazame wino umefutika wapi. Umefutika mdomoni mwa ganda: mpanuko bado upo. Umefutika kwenye kichwa: kichwa kimekaa juu mno na kinagusa mifuo ya mtutu, na hilo krimpi hailitibu.

La mwisho, isimamishe bubu na pua yake uikandamize kwenye ukingo wa meza ya mbao kwa nguvu ya vidole gumba, baada ya kuupima urefu wake. Pima tena. Urefu usibadilike.

Mengine ya mezani yanajulikana lakini huachwa: miwani ya kukinga macho, aina moja tu ya baruti mezani kwa wakati mmoja, hakuna sigara, hakuna chakula, na kunawa mikono kwa sabuni ukimaliza, kwa sababu vumbi la madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto watakaokukumbatia ukitoka huko.

Kwa anayebeba risasi za kiwandani

Sasa yule wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye bastola ya kibali, au mlinzi wa benki. Kila jioni anaitoa risasi iliyo kwenye chemba, anaitia juu ya magazini, na asubuhi anaipakia tena. Ni risasi ile ile, na kila asubuhi pua yake inagonga mteremko ule ule. Hata iliyotoka kiwandani na krimpi nzuri, mshiko wake unachoka kwa kupigwapigwa hivyo, na kichwa kinaweza kuzama bila mwenyewe kujua.

Kuichunguza hakuhitaji kifaa. Isimamishe mezani kando ya risasi ya boksi lile lile ambayo haijawahi kupakiwa, uinamishe macho usawa wa meza. Kama ni fupi kuliko mwenzake, isirudi kwenye bastola. Usijaribu kukivuta kichwa kwa koleo. Ipeleke kwa mtunza silaha wa kampuni, kwenye duka lenye leseni au kituo cha polisi. Na zile zilizo sawa zizungushe, inayotoka kwenye chemba leo iende chini ya magazini, isiwe ndiyo ya kwanza tena kesho.